BAISKELI TULIZOZIPANDA

(Hotuba kwa wajumbe wa vikundi vya kujisaidia, Garissa)

 

Tuliombwa tuzungumze juu ya utunzaji wa mali ya kikundi. Mada hiyo ni nzito, jua nalo limeanza kuwa kali, na tunajua wengi wenu mmeamka alfajiri ili mfike hapa. Tukaona kwamba tukianza na maneno makubwa makubwa ya usimamizi na uwajibikaji, mtasinzia kabla hatujafika katikati. Kwa hiyo leo tutazungumza juu ya baiskeli. Naam, baiskeli. Msicheke.

Sababu ipo. Wiki chache zilizopita kikundi kimoja cha akina mama, ambacho wajumbe wake wapo hapa, kilituletea swali. Wameweka akiba kwa muda wa miaka miwili. Baadhi yao wanataka fedha hizo ziwe malipo ya kwanza ya pikipiki ya biashara, na deni linalobaki lilipwe kwa mkopo. Wengine wanataka baiskeli za kubebea maji na mboga. Wamebishana mpaka kikundi karibu kivunjike. Wakatuuliza, "Ninyi watu wa ofisi mnasemaje?" Siku ile hatukuwajibu. Tuliwaomba wangoje mpaka leo. Jibu letu liko mwishoni, lakini hamtalielewa bila kusikia kwanza tulikopita.

Tena mtatusikia tunasema "sisi" na "yetu". Hatujikwezi. Ni kwamba tukizihesabu baiskeli zote tulizowahi kuwa nazo, hatuoni hata moja iliyokuwa ya mtu mmoja.

BAISKELI YA BABA

Sisi tulilelewa Bura, ng'ambo ya Mto Tana, katika ule mradi wa kilimo cha kumwagilia maji. Wazazi wetu walikuwa miongoni mwa familia zilizohamia huko mwanzoni mwa miaka ya 1980, zikitoka pande nyingi za Kenya ili kulima pamba. Msimu mmoja pamba ilipolipa vizuri, baba alileta nyumbani baiskeli nyeusi aina ya Raleigh. Hiyo ni kampuni ya zamani sana, ilianzia mji wa Nottingham, Uingereza, katika miaka ya 1880. Ninyi wenye umri wetu mnazikumbuka baiskeli za namna ile: nzito kama ng'ombe, keria ya chuma nyuma, breki zake za fito badala ya waya. Wakenya wengi huziita Black Mamba.

Tulikuwa watoto saba. Mtoto wa miaka minane hakifikii kiti cha baiskeli kama ile, basi tulijifunza kwa kupitisha mguu chini ya mtalimbo, mwili umepinda kama mundu, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine umeshika kiti. Wasichana nao tulijifunza, ila jioni, giza likianza kuingia, ili majirani wasiseme. Kila mmoja wetu ana kovu la goti mpaka leo. Tukikutana kwenye sherehe za ukoo tunaonyeshana.

Baba hakuwa na maneno mengi. Sheria yake ilikuwa moja: "Anayeitoa ikiwa na upepo, airudishe ikiwa na upepo." Hakujali kama ulikwenda posho-mili au ulikwenda kucheza. Ukiirudisha tairi limelala, hulali mpaka umeziba.

Na kuziba kulikuwa kazi ya kila wiki, kwa sababu ya mathenge. Mti huu mnaujua, umejaa mpaka hapa Garissa. Kule Bura na Hola uliletwa katika miaka ya 1980 ili watu wapate kuni na upepo wa mchanga upungue. Ulileta kuni kweli, lakini ulileta na miiba ambayo hata mbuzi wanaiogopa. Mwiba wa mathenge haupigi hodi. Unasikia tu "psss", nawe umekuwa mtu wa kutembea.

Baba alikuwa na mkebe wa Kimbo. Ndani yake mlikuwa na vijiko viwili vya zamani, kipande cha msasa, gundi, viraka na spana moja. Alitufundisha hivi. Ng'oa tairi upande mmoja kwa vile vijiko. Toa tyubu, itie upepo kidogo, izamishe katika beseni la maji; povu litakuonyesha tundu. Kausha. Sugua kwa msasa. Paka gundi, kisha ngoja ikauke kidogo. Hapo ndipo wengi wanapoharibu, kwa kukosa subira, wanabandika gundi ikiwa bado mbichi. Bandika kiraka, gandamiza kwa nguvu.

Lakini kazi haijaisha. Kabla hujairudisha tyubu, pitisha vidole vyako taratibu ndani ya tairi, mzunguko mzima, uutafute mwiba. Usipoutoa mwiba umeziba bure. Mbele kidogo utatobolewa na mwiba ule ule. Tafadhali likumbukeni jambo hili la mwiba. Tutalirudia.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 mambo ya Bura yaliharibika. Pampu zilikwama, maji hayakufika mashambani, pamba ikafa. Familia nyingi zilirudi zilikotoka. Sisi tulibaki, na baiskeli ndiyo iliyotulisha. Baba alikwenda mtoni kununua ndizi na maembe kwa Wapokomo, akarudi nazo kuuza kijijini. Keria ile ilibeba maji, ilibeba wagonjwa, ilibeba hata jeneza la mtoto wa jirani.

Mwaka 1995 tuliitwa shule ya sekondari. Karo haikuwapo. Siku moja tuliamka, tukaona ukutani pale baiskeli ilipokuwa ikiegemezwa pako wazi. Baba hakueleza, na sisi hatukuuliza. Alitembea kwa miguu miaka yote minne ya masomo yetu. Tukirudi likizo tulimwona kwa mbali anakuja kutoka sokoni, mzigo begani, viatu ameshika mkononi ili visiishe soli.

BAISKELI YA CHUO

Ya pili tunaikumbuka kwa kicheko. Tulipokuwa tukisomea diploma ya kazi za maendeleo ya jamii, sisi wanafunzi watatu tulichanga fedha sawasawa, tukanunua Hero iliyokwisha kutumika, baiskeli ya kutoka India. Darasani tulikuwa tukifundishwa namna ya kuunda vikundi na kuandika katiba. Lakini sisi wenyewe watatu hatukuandika hata mstari mmoja!

Yakatokea nini? Kila mtu aliipanda na hakuna aliyeipaka mafuta. Mnyororo ukaanza kulia kama kifaranga. Breki ya mbele ikakatika, kila mmoja akasema, "Nilidhani wewe ndiye utaitengeneza." Mwisho wake, Jumamosi moja, tuliiacha nje ya soko. Wa kwanza alidhani wa pili ameifunga. Wa pili alidhani wa tatu ameifunga. Wa tatu alikuwa na kufuli mfukoni. Tulipotoka tulikuta alama ya tairi kwenye vumbi, basi.

Jamani, tulicheka baadaye, siku ile hatukucheka. Mmoja wetu alisema neno ambalo tumelishika: "Wezi wa baiskeli hii ni watatu, yule wa nne aliichukua tu."

BAISKELI YENYE WAVU

Tulifika Garissa kufanya kazi mwaka 2003. Ofisi ilikuwa na gari moja, na gari hilo lilikuwa na safari zake. Tulipewa baiskeli ya kike, ile isiyo na mtalimbo, tukaambiwa vijiji vya karibu na mto ni vyetu.

Tunawaambia ukweli, tuliogopa. Mchanga wa Garissa hauna urafiki na gurudumu. Tena sisi ni wanawake, ni Wakristo, ni wageni. Tulijua desturi za wenyeji ni za heshima, na mwanamke juu ya baiskeli ni jambo la kutazamwa. Basi kabla ya kuanza tulikwenda kwa mzee mmoja wa kijiji, Msomali, ndevu zake zimepakwa hina, tukamwomba ruhusa.

Mzee aliitazama baiskeli kwa muda mrefu. Aliizunguka. Kisha akasema, "Masista, hapa hatujazoea kuona mwanamke juu ya baaskiil."

Sisi si masista, lakini hapo hapakuwa mahali pa kumsahihisha. Tukamjibu, "Mzee, nasi hatujazoea kupita nyumbani kwa watu bila kubisha. Ndiyo maana tumekuja."

Akanyamaza. Halafu akauliza, "Na hizi nguo ndefu, hazitanaswa na gurudumu la nyuma?"

Tulikuwa tumejiandaa kwa hoja za dini, hoja za mila, hoja za usalama. Hoja ya gurudumu hatukuwa nayo! Mzee akamwita mjukuu wake, akamtuma kamba nyembamba. Wakaketi wawili chini, wakasuka wavu kutoka madigadi mpaka kwenye ekseli, pande zote mbili, kama wanavyosuka kamba za kufungia mizigo ya ngamia. Saa nzima. Walipomaliza akasema, "Sasa nendeni. Mkiulizwa, semeni wavu huu nimeusuka mimi."

Hakuna aliyetuuliza. Wavu ulikuwa barua yetu ya ruhusa.

Baiskeli ile tuliipanda katika siku ngumu. Mwishoni mwa mwaka 2006 mvua ilinyesha mpaka nchi ikawa bahari, na mwezi Desemba Homa ya Bonde la Ufa ikathibitishwa hapa Garissa. Ugonjwa ule huletwa na mbu, tena mtu huupata kwa kugusa damu ya mnyama mgonjwa au kwa nyama na maziwa yasiyopikwa vizuri. Mahali gari liliponasa kwenye tope, sisi tuliibeba baiskeli begani, tukavuka, tukaendelea. Boma kwa boma: msichinje mnyama mgonjwa, chemsheni maziwa, laleni ndani ya chandarua. Kumwambia mfugaji asichinje mnyama wake anayekufa si jambo dogo. Lakini mtu akikuona umefika umejaa tope mpaka kifuani, atakusikiliza.

BAISKELI KUMI

Sasa tumefika kwenye jambo lililotuleta. Hapa hatutacheka.

Miaka michache baada ya mafuriko yale, wafadhili walitupatia baiskeli kumi mpya kwa ajili ya wahudumu wa afya wa vijiji. Tuliandaa sherehe. Mbuzi alichinjwa, hotuba zilitolewa, picha zilipigwa. Kila mhudumu alipanda yake akazunguka uwanja, watu wakapiga vigelegele. Sisi tukaandika ripoti: baiskeli kumi zimetolewa. Tukaona tumemaliza.

Kabla ya mwaka kwisha zilizokuwa zikitembea ni tatu.

Usiku mmoja, katika kijiji ambacho wakati huo simu hazikushika mtandao, mama mmoja alishikwa na uchungu wa kuzaa na mambo hayakwenda sawa. Mpango ulikuwa kwamba mhudumu wa afya apande baiskeli mpaka zahanati, kilomita tisa, gari liitwe. Baiskeli ilikuwapo. Ilikuwa imeegemezwa ukutani, tairi la nyuma limelala, wiki ya tatu. Tyubu mpya ilikuwa haifiki bei ya kilo moja ya nyama. Mhudumu alikwenda kwa miguu, usiku, katika mchanga, na fisi wanalia. Alifika karibu na alfajiri. Gari lilipofika kijijini jua lilikuwa limekwisha kuchomoza.

Mama alipona. Mtoto hakupona.

Ndugu, mama yule tunakutana naye sokoni Suuq Mugdi. Anatusalimu vizuri, anauliza habari za nyumbani. Hajawahi kutulaumu, wala hakumlaumu mhudumu. Hatuwezi kusema kwa hakika kwamba baiskeli ingemwokoa mtoto. Lakini hatuwezi pia kusema kwamba isingemwokoa. Lawama hiyo tumeibeba sisi wa ofisi mpaka leo.

Jambo la kwanza tulilofanya baada ya mazishi lilikuwa kununua tyubu kumi na kuzisambaza. Miezi miwili baadaye tulizunguka tena, baiskeli nne zilikuwa zimelala. Hapo ndipo tulipoukumbuka mkebe wa Kimbo. Tulikuwa tumebandika kiraka na kuuacha mwiba ndani.

Basi tuliketi na wahudumu, na wazee, na akina mama, tukapitisha vidole ndani ya tairi. Tukauliza bila hasira: mwiba uko wapi? Wakasema. Baiskeli ni "ya mradi", kwa hiyo mhudumu aliogopa kuitengeneza kwa fedha zake, na kijiji hakikuona kwamba inakihusu. Hapakuwa na pampu. Hapakuwa na spana. Fundi alikuwa mjini tu, na nauli ya kumfikia ilizidi gharama ya kazi yenyewe. Ndugu wa mhudumu walikuja kuiazima, naye hakuwa na sheria ya kumsaidia kukataa. Wala hapakuwa na daftari. Nasi tunajua: mali bila daftari hupotea bila habari.

Kutokana na kikao kile, na vingine vilivyofuata, vilipatikana kanuni ambazo vikundi vyetu vinazitumia. Ziandikeni.

1. Baiskeli ya kikundi iwe na mtunzaji mmoja anayejulikana kwa jina. Mali ni ya wote, lakini ufunguo ni wa mtu mmoja. Mtunzaji abadilishwe kila baada ya miezi sita.

2. Pawe na daftari. Nani ameichukua, saa ngapi, kwa kazi gani, imetoka katika hali gani, imerudi katika hali gani. Asiyejua kuandika aweke alama ya kidole.

3. Pawe na mfuko wa tairi. Kila anayeitumia kwa shughuli yake atoe kitu kidogo. Fedha hizo zisichanganywe na za merigoraundi wala zisikopeshwe, hata kwa mwenyekiti. Hasa kwa mwenyekiti!

4. Kikundi kiwe na mafundi wake wawili, vijana wanaokaa kijijini, na vifaa vyao: pampu, spana, vijiko, msasa, gundi, viraka na tyubu moja ya akiba isiyoguswa.

5. Dharura hutangulia. Mgonjwa, mama mjamzito au mtoto akihitaji, baiskeli hutoka saa yoyote, bila malipo. Ndiyo maana hailali bila upepo. Mtunzaji huibonyeza tairi kila jioni, kama mtu anavyohesabu mbuzi wake.

6. Anayeitoa ikiwa na upepo, airudishe ikiwa na upepo. Hiyo ni ya baba.

Na kwa sababu tuko Garissa, tuongeze ya kwetu. Usiiache baiskeli juani mchana kutwa. Upepo ulio ndani ya tyubu hupanuka kwa joto, gundi ya kiraka hulainika, nayo hupasuka hata kama hakuna aliyeigusa. Mnyororo ufute kwanza kwa kitambaa ndipo uupake mafuta kidogo. Ukimimina mengi, mchanga unaganda na kuusaga mnyororo kama unga. Mitungi minne ya lita ishirini ni kilo themanini. Ining'inize chini, mizani sawa pande zote mbili, na usiipande: isukume. Spoku zikikatika mbili, tengeneza leo. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Tukiyafanya hayo, mambo yalibadilika? Si kwa siku moja. Vijiji viwili daftari lilipotea, na baiskeli ikafuata. Lakini vijiji vingine baiskeli zilidumu miaka mingi, mpaka rangi yote ilipobambuka, na tunajua akina mama waliofikishwa kwenye msaada kwa wakati. Watoto wao sasa wako shule, wanakimbia huko nyuma wakati sisi tunazungumza.

NA PIKIPIKI JE?

Vijana wanatuambia, "Baiskeli ni mambo ya zamani." Tunawaelewa. Mjini Garissa leo ni tuktuk na pikipiki kila kona. Lakini mkumbuke kwamba hata jina boda boda ni mtoto wa baiskeli. Lilianza mpakani mwa Kenya na Uganda, upande wa Busia, vijana walipokuwa wakiwavusha watu kwa keria ya baiskeli, wakiita "boda, boda!" Pikipiki ilikuja baadaye, ikarithi jina. Wala baiskeli si kitu cha maskini peke yake. Mwaka 2018 Umoja wa Mataifa uliitangaza tarehe 3 Juni kuwa Siku ya Baiskeli Duniani.

Sisi hatuipingi pikipiki. Imeokoa watu wengi, na kwa safari ndefu haina mpinzani. Ila tuhesabu pamoja. Pikipiki mpya ni zaidi ya shilingi laki moja. Kabla haijasogea hata hatua moja inadai petroli, na bei ya petroli hampangi ninyi. Inadai bima, leseni, na dereva ambaye katika kikundi chenu hayupo, kwa hiyo mtamwajiri kijana na kumwamini. Na mkopo una tarehe yake. Novemba 2023, na tena Aprili 2024, mafuriko yaliikata barabara ya kutoka Madogo kuja Garissa, watu wakavuka kwa mashua. Wakati kama huo pikipiki inasimama, lakini mkopo hausimami. Mkopo haujui mafuriko. Baiskeli ikisimama haili kitu, na maji yakijaa mtu mmoja anaibeba begani.

Kwa hiyo, akina mama wetu, jibu letu ni hili. Mlituambia wenyewe kwamba kazi inayowamaliza ni maji na mboga za kutoka mashamba ya mtoni, kilomita nne kwenda na nne kurudi. Mzigo huo baiskeli inauweza. Shauri letu: nunueni mbili, si nne. Fedha zinazobaki zikae. Wekeni mfuko wa tairi, daftari na mafundi wenu. Baada ya miezi sita mfungue daftari mbele ya wajumbe wote. Likiwa safi, na mfuko una fedha, basi mnajua kutunza chombo, na mkitaka pikipiki wakati huo, sisi tutawasindikiza kwenda kuuliza masharti ya mkopo. Daftari likiwa na matundu, mshukuru Mungu kwamba mmejifunza kwa baiskeli mbili na si kwa deni la pikipiki. Lakini uamuzi ni wenu. Fedha ni zenu, miguu inayouma ni yenu.

Tena kuna neno moja la mwisho kuhusu ugomvi wenu. Kubishana si dhambi. Lakini mkipatana kwa kura tu, na nusu yenu mkarudi nyumbani na uchungu, mtakuwa mmebandika kiraka juu ya mwiba. Pitisheni vidole kwanza.

Tumalizie kwa baba. Mshahara wetu wa kwanza wa Garissa tuliutoa kwa ajili ya baiskeli yake, Phoenix ya kutoka China, kwa sababu Raleigh kama ile hatukuipata. Hakusema asante kwa mdomo. Aliipindua papo hapo, akaikagua tairi zote mbili kwa vidole, akaenda ndani kuutafuta mkebe wa Kimbo. Ulikuwa bado upo.

Sasa ni mzee, hapandi tena. Lakini kila Jumapili akitoka Misa anatoa pampu, anaitia upepo, anaiegemeza mlangoni. Tulimwuliza, baba, unamtilia nani upepo? Akasema, "Hujui nani atakuja kuiomba usiku."

Mungu awabariki, na azibariki kazi za mikono yenu.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Taja kitu kimoja cha kikundi chenu ambacho kimelala. Kiraka chake ni nini, na mwiba wake ni nini?

2. Mama mjamzito akishikwa usiku wa leo kijijini kwenu, atapelekwa kwa chombo gani? Nani ana ufunguo wake?

3. Je, fedha za matengenezo zimetengwa na fedha nyingine? Mara ya mwisho daftari lilisomwa mbele ya wote lini?

4. Tukitaka kununua chombo kipya, nani kati yetu amebeba mzigo mkubwa zaidi, naye amepewa nafasi ya kusema?